Ejo ya Justus

Ujumbe uliingia Ijumaa saa moja asubuhi, Anakleti akiwa ameshavaa koti lake la kufundishia dini. Ulikuwa mfupi: "Data, ejo operesheni. Nakuomba." Haukuwa na jina, na ile namba hakuwahi kuihifadhi kwenye simu, lakini aliijua tarakimu kwa tarakimu, maana kwa miaka saba ilikuwa ikimpigia na yeye haipokei. Ilikuwa namba ya Justus, mtoto wake wa pekee.

Ngoja nieleze kwanza, maana wenye Kiswahili kitupu mtapotea hapa. Anakleti na mkewe Benigna ni watu wa Ulyankulu, kijiji cha Barabara ya Saba, waliletwa wadogo na wazazi waliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Nje wanasema Kiswahili kama wewe na mimi. Wakifunga mlango, Kirundi. Na kwa Kirundi, data ni baba. Ejo ni jana. Ejo hiyohiyo ni kesho. Usiniulize kwa nini, ndivyo walivyoikuta. Haiwasumbui, kwa sababu kitenzi kinakusaidia: nilikwenda ejo, nitakwenda ejo, nani atachanganyikiwa? Lakini ujumbe wa Justus haukuwa na kitenzi hata kimoja cha kuusaidia. Operesheni ejo, basi.

Benigna alitoka jikoni na unga mikononi. Yeye simu hana na kusoma hajui.

"Nani huyo asubuhi yote hii, Baba Justus?"

"Yeye."

Mama wa watu akashika nguzo ya baraza. "Anasemaje?"

Anakleti akamsomea, neno kwa neno.

"Ejo ipi?" Benigna akauliza.

Na hapa nisiwadanganye, wala yeye asijidanganye: Anakleti alijua. Mtu aliyepasuliwa jana haamki saa moja asubuhi kuandika "nakuomba". Anaomba nini, na kisu kimeshapita? Alijua vizuri kabisa, na basi la Tabora, mji aliko Justus, linapita pale kijijini saa tatu, kwa hiyo alikuwa na saa mbili nzima za kuchukua kofia na kutoka.

"Iliyopita," akasema. "Wamemfanyia jana."

"Anaendeleaje?"

"Ingekuwa vibaya wangesema. Tutakwenda Jumatatu, Padre akishaondoka."

Benigna akamtazama kidogo, akasema haya, akarudi kwenye sufuria yake. Alimwamini. Angeachaje kumwamini? Huyu alikuwa katekista wa kigango mwaka wa thelathini sasa, mtu ambaye majirani wakigombania mpaka wa shamba wanamwita yeye aje aonyeshe jiwe lilipokuwa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha Pasaka ile ya miaka saba nyuma. Kigango hakikuwa na kabati la kufungwa, hivyo divai ya misa ilikaa nyumbani kwa katekista, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Justus wakati ule alikuwa anakunywa gongo, anakunywa chochote. Asubuhi ya Pasaka, watu wa vijiji vitatu wamejaa kanisani na kanga zao mpya, Padre anauliza divai iko wapi, ndipo Justus akaingia kwa mlango mkubwa, chupa mkononi, tupu, akaenda moja kwa moja akaanguka mbele ya altare na kutapika. Pasaka hiyo haikuwa na misa. Watu walirudi makwao na njaa ya roho, wengine wanacheka.

Anakleti akasimama mbele ya watu wote. Akasema, "Kuanzia leo mimi sina mtoto. Hatakanyaga kwangu mpaka astahili, na mguu wangu hautamfuata." Watu wakaguna kwa heshima. Wengi walisema huyo ndiye mwanamume, anampenda Mungu kuliko damu yake. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwita Baba Justus, wote wakamwita Katekista. Aliyeendelea na Baba Justus ni Benigna peke yake, na alikatazwa akakataa kukatazwa.

Usidhani mzee hakumwombea mwanawe. Alifunga kila Ijumaa, miaka saba, maji tu mpaka jioni. Alikuwa anamngoja. Picha aliyokuwa nayo kichwani ni ya Justus akija na miguu yake, amenyoa, ana shati safi, anapiga magoti uani mbele ya watu walewale. Kumfuata yeye hospitalini ilikuwa ni kuliramba neno lake mwenyewe, tena wiki ambayo Padre Samweli anakuja kuwapa watoto kumi na wawili Komunyo ya kwanza. Watu wangesema nini? Ejo ikampa nafasi na yeye akaichukua. Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hili.

Basi akaenda kufundisha. Na fundisho la siku ile, Mungu naye ana mambo yake, lilikuwa juu ya neema.

"Neema ni nini?" akauliza.

"Ni zawadi ya Mungu tunayopewa bila kustahili!" watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba.

"Inanunuliwa?"

"Hainunuliwi!"

Katikati ya kuitikia huko basi likapiga honi barabarani. Lilisimama, watu wakapanda, likaondoka. Anakleti alilisikiliza mpaka mlio ulipopotea, kisha akawaambia watoto warudie tena, eti sauti yao haikutoka vizuri.

Jumamosi alasiri namba ileile ikapiga. Safari hii akapokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Tabora mjini.

"Ninaongea na baba yake Justus? Mimi naitwa Bilkis, Justus alikuwa anafanya kazi dukani kwangu. Baba, pole sana. Wamempasua tumbo leo asubuhi, moyo haukuhimili. Amefariki saa nane."

Benigna alikuwa amesimama karibu, akaisikia. Hakupiga yowe. Aliuliza tu, taratibu, "Leo asubuhi? Si uliniambia walishamfanyia?"

"Nilisoma vibaya," akasema Anakleti.

Uongo wa pili huo, na huu aliusema maiti ya mtoto ikiwa bado haijapoa.

Bilkis alitoa pikapu ya duka kuleta mwili. Jumatatu wakamzika Justus. Jamani, msiba ule! Si kwa ajili ya vilio, kwa ajili ya sifa. Habari zilikuwa zimefika kwamba Justus aliacha pombe, mwaka na nusu hajagusa, na watu wakaona mara moja ni nani wa kushukuriwa. Bibi Advera, jirani yao, alikuja chini ya turubai akamshika Anakleti mikono yote miwili.

"Katekista, sala zako zimemrudisha mtoto. Umefunga, umelia, Mungu amekusikia. Amekufa mikononi mwa Bwana kwa ajili yako."

"Asante, Bibi," akasema Anakleti. Alitamani ardhi immeze. Alitamani mtu mmoja tu, mlevi yeyote, asimame amtukane.

Kabla ya misa ya mazishi alimwomba Padre Samweli waingie sakristia. Alipiga magoti. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yalipofika mdomoni yakapinda.

"Padre, mwanangu aliniandikia kwamba operesheni ni kesho. Nikasoma jana. Sikwenda, akafa peke yake."

Padre Samweli alikuwa kijana, amechoka, ana vigango vingine viwili siku hiyo. Alimwekea mkono begani.

"Kusoma vibaya si dhambi, Katekista. Ni msiba. Usijitese."

Akamwondolea dhambi zake nyingine, zile ndogondogo. Anakleti akatoka amebeba ileile aliyoingia nayo, na sasa imekuwa nzito zaidi, maana amejaribu kuitua akaitua pembeni. Wakati wa Komunyo alibaki kwenye benchi. Watu waliona, wakasema huzuni imemvunja.

Wiki mbili zilizofuata hakuweza kusali. Simaanishi alisali kwa shida, hakuweza. Akianza Baba Yetu anafika penye kusamehewa, anaishia hapo. Alifundisha watoto wa watu kwa mdomo tu, na nyumbani alikaa na Benigna, ambaye kila jioni alikuwa anamtuliza. Ndiyo, yeye ndiye aliyetulizwa! "Usijilaumu, Baba Justus," anamwambia, "neno lenyewe baya, lingempotosha yeyote." Anamwekea ugali, anamsihi ale. Usiku akamsikia mkewe analia akiwa amejifunika kanga usoni ili asimsumbue, na akajilalia vilevile, macho darini, akijichukia.

Wiki ya tatu wakaenda Tabora kumshukuru Bilkis na kuchukua vitu vya marehemu. Duka lake liko kwenye nyumba ya zamani ya matofali ya udongo, baraza pana, babu wa babu yake alishushia hapohapo mizigo ya misafara kutoka pwani. Leo anauza sufuria, sahani na magodoro. Mwanamke wa makamo, mtandio mweupe, kalamu sikioni. Alifunga nusu ya mlango ili wateja wasiingie, akawakalisha kwenye viti vya plastiki, akamimina chai ya maziwa.

"Alikuja hapa amelewa, anaomba kubeba mzigo," akasema. "Nikamwambia leo hapana, njoo ukiwa mzima. Akaja. Akaanguka tena mara ngapi sijui, akaja tena. Baadaye nikampa kile chumba cha nyuma. Watu waliniambia, Bilkis, utaibiwa. Nikawaambia niacheni na uzembe wangu."

"Kwa nini hakurudi nyumbani, Mama?" Benigna akauliza. "Kama ameacha pombe mwaka na nusu, kwa nini?"

Bilkis akaizungusha kalamu yake. "Nilimwuliza hilohilo. Alisema bado hajastahili. Mara nyingine tunafunga mahesabu ya siku, ananiuliza, Mama, mtu anajuaje kwamba sasa amestahili? Mimi mambo ya dini yenu siyajui. Nikamwambia, nani kakufundisha ujinga huo? Akacheka."

Anakleti akaweka kikombe chini.

"Alisubiri sana siku ile ya Ijumaa?" Benigna akauliza tena. Alikuwa anataka kujua kila kitu, kama mama yeyote, hata kile kinachochoma.

"Alisubiri. Asubuhi nilimpelekea uji hospitalini, nikamkuta anaandika ujumbe. Akanisomea. Nikamwuliza, ejo ni nini? Akasema ni jana, na ni kesho. Nikashangaa! Nikamwambia, sasa mzee atajuaje? Andika kesho kwa Kiswahili, mambo yaishe." Bilkis akamtazama Anakleti kwa huruma, kama mtu anayempa mgonjwa dawa nzuri. "Baba, haya nilitaka uyasikie kwa mdomo wangu, maana yatakufariji. Akaniambia hivi: Nikiandika kesho na baba asije, atabeba mzigo huo maisha yake yote. Nikiandika ejo, asipokuja atasema alisoma jana. Namwachia baba yangu pa kutokea. Ndivyo alivyosema. Kwa hiyo usijilaumu. Alikusamehe kabla hujakosea kusoma."

Benigna akaanza kulia kwa sauti. Akamshika mumewe magoti. "Umesikia? Mtoto alijua! Ni kweli, Mama Bilkis, baba yake alisoma jana, masikini, alisoma jana, mimi nilikuwepo."

Sasa fikiria mtu huyu amekaa pale. Mlango uko wazi kabisa. Mtoto ameufungua, mama wa mtoto anamsukuma apite, na mwenye duka anamshikilia kitasa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na angeondoka pale ametakasika mbele ya dunia nzima. Lakini maneno ya Justus yalikuwa yameingia mahali ambapo miaka saba ya Ijumaa haikuwahi kufika. Mtoto alimjua. Alimjua baba yake mzima mzima, kiburi chake na woga wake wa watu, akajua kwamba huenda atakimbia, akamwandalia njia ya kukimbilia, tena kwa kutumia neno la nyumbani. Alifanya hayo siku moja kabla ya kufa, na tumbo linamuuma. Na baba akakimbia kweli, kwa njia ileile.

"Sikusoma jana," Anakleti akasema.

Benigna akainua uso. "Nini?"

"Nilisoma kesho. Nilijua ni kesho. Nilikudanganya, Mama Justus. Basi lilipita nikiwa nalisikia."

Nje kulikuwa na mteja anagonga mlango kwa sarafu, anauliza bei ya beseni, hakuna aliyemjibu. Bilkis aliinuka polepole akaenda nyuma ya magodoro, akawaachia nafasi.

Benigna aliondoa mikono yake kwenye magoti ya mumewe. Aliitazama ile mikono kana kwamba imeshika uchafu.

"Ningekwenda kwa miguu, Anakleti," akasema.

Miaka thelathini na sita ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina. Kutoka Barabara ya Saba hadi Tabora ni karibu kilomita themanini, na Anakleti hakuwa na shaka yoyote kwamba mwanamke huyu angezitembea, angefika miguu imevimba, angemshika mwanawe mkono kabla hawajamwingiza ndani.

"Nisamehe," akasema.

"Mtoto amekusamehe. Hayo ni yako na yake." Akajifunga kanga vizuri, akachukua mfuko wa nguo za Justus. "Mimi bado."

Anakleti hakupanda basi pamoja naye. Alikwenda kwanza kanisa kuu, akaungama kwa padre mzee asiyemjua, na safari hii maneno hayakupinda. Alipewa ondoleo. Alilipokea analia kama mtoto, na alipotoka nje hakuona raha yoyote, jua kali tu na njaa. Jumapili akasimama kigangoni, palepale aliposimama Pasaka ile, akawaambia watu. Bibi Advera alijifunika mdomo. Wengine walitoka nje. Siku hiyohiyo akarudisha koti na funguo za kanisa, na sasa anayefundisha watoto ni mtu mwingine. Yeye hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, wanakokaa walevi, na walevi wamemzoea. Komunyo anapokea.

Usidhani alipata amani. Kuna siku nyingi anaketi shambani katikati ya mistari ya tumbaku hafanyi kitu, jembe limelala, na jina la mwanawe haliwezi kutoka. Aliyempa msamaha hayupo wa kumshukuru, na aliyepo bado hajaamua. Lakini kuna jambo moja hakuwahi kulifanya maisha yake yote na sasa analifanya: anaomba. Zamani alikuwa anasoma sala. Sasa kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anasimama penye mlango wa jiko mikono mitupu.

"Umenisamehe?"

"Bado," anasema Benigna, haachi kuchochea moto.

"Haya."

Anakwenda shambani. Kesho yake anauliza tena. Majirani wanasikia, na mwanzoni walicheka: mzee mzima, anaombaomba kama mtoto anayetaka sukari! Siku hizi hawacheki. Masika yalipita, tumbaku ikavunwa, ikakaushwa, jibu ni lilelile, na yeye hakusema hata mara moja kwamba sasa imetosha, amestahili.

Mwezi uliopita malaria ilimwangusha. Homa ilipanda, akalala anaweweseka, asubuhi ikampita, jua likafika katikati ya ua hajainuka. Aliposikia hatua alidhani ni Bibi Advera kaleta maji. Alikuwa Benigna, amesimama mlangoni pa chumba, mwiko bado uko mkononi, uso umekunjamana kwa hasira au kwa hofu, hakuweza kujua.

"Leo huniulizi?" akasema.

Anakleti akajaribu kukaa, akashindwa. "Umenisamehe?"

"Bado," akasema Benigna, akaja akakaa kitandani, pembeni yake.